Kampuni ya malipo imezuia fedha zetu kwa siku 180: je, huu si wizi?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na mdogo wangu tunauza mabegi ya safari kupitia tovuti yetu, huu ni mwaka wa tatu. Malipo yote yanapita kwa kampuni moja tu ya malipo ya mtandaoni. Mwezi uliopita mteja mmoja alirusha video ya begi letu, watu wakaipenda, na ndani ya siku kumi tukauza mara saba ya tunachouza kwa mwezi mzima. Mzigo wa ghalani uliisha siku ya tatu, tukaendelea kupokea maagizo na kuwaambia wateja kwamba begi litawafikia baada ya wiki sita. Siku ya kumi na moja ikaja barua pepe: akaunti imesitishwa, salio linazuiwa kwa siku 180, tuma nyaraka. Nimeandika mara tisa, najibiwa maneno yaleyale ya mashine. Miaka yote hii wateja waliopinga malipo ni wanne tu! Rafiki yangu ananishauri nifungue akaunti nyingine kwa jina la mdogo wangu ili tuendelee kuuza. Kiwanda kinadai awamu ya pili ya malipo wiki ijayo. Je, huu si wizi? Nihamie kampuni nyingine nisahau? Na kitufe cha kulipia kwenye tovuti nikiache au nikiondoe?"*

Ndugu yangu, pole. Nianze na la haraka: usifungue akaunti kwa jina la mdogo wako. Rafiki yako hana nia mbaya, lakini mifumo ya kampuni hizi haikutambui kwa jina pekee. Inaangalia simu au kompyuta uliyoingilia, anwani ya tovuti, akaunti ya benki inayopokea fedha, hata bidhaa zenyewe. Akaunti ya pili itaunganishwa na ya kwanza, pengine siku hiyohiyo. Leo jalada lako linasomeka hivi: biashara imekua ghafla, tunasubiri nyaraka. Baada ya akaunti ya mdogo wako litasomeka: mwenye akaunti anakwepa uchunguzi. La kwanza lina tiba. La pili linaweza kuwapeleka nyote wawili kwenye MATCH, orodha inayotunzwa na Mastercard ya wafanyabiashara walionyang'anywa huduma ya kupokea kadi. Jina likiingia humo hukaa miaka 5, na benki zinazopokea malipo ya kadi huitazama orodha hiyo kabla ya kumkubali mfanyabiashara mpya. Kulitoa jina humo ni kazi ngumu, kwa sababu wa kuliondoa ni yuleyule aliyeliweka.

Sasa swali lako kubwa. Kwa maelezo uliyonipa, hapana, huu si wizi. Naelewa kwa nini unauona hivyo, maana hata skrini inakudanganya. Inakuonyesha neno "salio" na tarakimu mbele yake, nawe unaona fedha zimeshakuwa zako, sawa na zilizo sandukuni. Mteja kalipa, wewe umepokea, biashara imekwisha. Kwa noti mkononi ni kweli. Kwa kadi, mlango wa nyuma hubaki wazi muda mrefu. Mteja anaweza kwenda kwenye benki yake, bila kupitia kwako, akasema begi halikufika, au lililofika silo aliloagiza, au kadi ilitumiwa na mwizi. Benki yake ikiona hoja ina uzito inazivuta fedha zile kutoka upande wako. Ruhusa haikuombi. Utapewa siku chache za kuleta ushahidi, lakini wakati huo fedha huwa zimeshaondoka kwenye salio lako, na juu yake unatozwa ada ya usumbufu.

Zinavutwa kutoka kwa nani? Benki ya mteja inadai kwa benki inayopokea malipo ya kadi upande wa wauzaji. Benki hiyo inadai kwa kampuni yako ya malipo. Kampuni inadai kwako. Kama salio lako ni sifuri, fedha umeshazipeleka kiwandani na simu hupokei, deni linaishia kwa kampuni ya malipo na hasara inakuwa yake. Ndiyo maana wafanyabiashara wakinijia na malalamiko kama yako huwaambia waache kuiona kampuni ile kama tarishi anayebeba bahasha. Ni mdhamini. Kila mteja anapolipa, kampuni ile imetia sahihi mbele ya benki kwamba mzigo utafika, na usipofika italipa yenyewe. Kama umewahi kumdhamini mtu mkopo, unajua unavyokosa usingizi siku ukisikia amekopa mara saba ya kawaida yake.

Soma upya barua yako kwa jicho la mdhamini huyo. Mauzo mara saba ndani ya siku kumi. Mzigo haupo ghalani. Ahadi ya wiki sita. Kila kimoja peke yake kingeweza kupita, lakini vitatu pamoja ndivyo anavyofanya tapeli anayefungua duka, anakusanya fedha na kutoweka. Wewe si tapeli, lakini siku ya kumi na moja, ukitazamwa kutoka kwenye kompyuta ya kampuni, mnafanana. Kuuza kitu ambacho bado hakijatengenezwa kunawatia hofu wadhamini kuliko bidhaa yenyewe. Hata mashirika ya ndege, yanayouza tiketi miezi kadhaa kabla ya safari, hukumbana na benki zinazong'ang'ania sehemu ya fedha zao mpaka abiria wasafiri.

Na siku 180 hazikuokotwa hewani. Kanuni za Visa na Mastercard kwa kawaida humpa mteja siku 120 za kupinga malipo. Kwa madai ya mzigo ambao haukufika, siku hizo hazianzi kuhesabiwa tarehe aliyolipa bali tarehe aliyoahidiwa kuupata. Wewe umeahidi wiki sita, yaani siku 42. Ongeza 120 upate 162. Ongeza muda wa makaratasi kutembea kati ya benki na benki, unakaribia 180. Maana yake, yule aliyeagiza siku ya mwisho kabla ya kufungiwa anaweza kuleta pingamizi lake mwezi wa tano tangu alipe na bado akawa ndani ya muda.

Unasema pingamizi ni nne tu kwa miaka yote. Ni rekodi nzuri, nayo itakusaidia; nitakueleza uitumie wapi. Lakini zile nne zilihusu mabegi yaliyokuwepo. Hazimwambii mdhamini chochote kuhusu mabegi ambayo hayajashonwa. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: Mastercard hupima pingamizi za mwezi huu kwa kuzigawa kwa miamala ya mwezi uliotangulia. Sasa fikiria duka lililouza sana mwezi wa kwanza, halafu likasimama. Pingamizi zinaanza kuingia mwezi wa tatu, zinagawanywa kwa mauzo ya mwezi wa pili ambayo karibu hayapo. Asilimia inaruka juu hata kama waliopinga ni wachache. Kwa Mastercard, muuzaji huanza kuhesabiwa kuwa na pingamizi za kupindukia anapofikisha pingamizi 100 kwa mwezi na uwiano wa asilimia 1.5. Duka dogo huenda lisifikishe hizo 100, lakini kampuni za malipo huwa na mipaka yao ya ndani, nayo ni mikali zaidi.

Pengine unajiuliza: kama hatari ni kubwa hivi, mbona walinifungulia akaunti kwa dakika kumi? Zamani, kupokea kadi kulikuwa na maana ya kwenda benki na kuomba akaunti ya mfanyabiashara. Ungepeleka hesabu zako, ungehojiwa, ungesubiri wiki kadhaa, na wengi wangekataliwa. Kampuni za malipo za mtandaoni zilikuja na njia nyingine: zinawaweka maelfu ya wauzaji wadogo chini ya mwavuli wao mmoja kwenye benki, kisha zinakukaribisha kwa jina, picha ya kitambulisho na namba ya akaunti. Uchunguzi haukufutwa. Uliahirishwa, na hufanyika siku mfumo utakapostuka, ambayo kwa kawaida ni siku mauzo yamepanda na wewe unazihitaji fedha kuliko wakati wowote. Wewe unajiona umehukumiwa. Wao wanaona ndiyo kwanza wanakufahamu.

Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye kitengo cha vihatarishi cha kampuni ya namna hiyo, kwa hiyo nawaelewa. Lakini kwenye hayo majibu ya mashine siwatetei. Kuzuia fedha za mtu miezi sita bila kumpa binadamu wa kuongea naye ni huduma mbovu, na wanajua. Hufanya hivyo kwa sababu ada wanayopata kwa muuzaji mdogo haitoshi kumlipa mtu wa kukusikiliza. Ukilijua hilo, utajua namna ya kuandika.

Barua zako tisa huenda zimekudhuru. Sehemu nyingi kila ujumbe mpya hufungua tiketi mpya, anayeipokea hajui zilizotangulia, anabonyeza jibu lililoandaliwa na kufunga. Andika mara moja, kwa kujibu ile tiketi ya kwanza iliyoomba nyaraka, na tuma jalada moja lililokamilika. Mtu atakayelisoma ana dakika chache. Ukurasa wa kwanza umweleze kila kitu: sisi ni nani, tumefanya biashara tangu lini, kwa nini mauzo yalipanda (weka kiungo cha ile video), maagizo mangapi yamekwisha kufikishwa, mangapi yanasubiri, yatafika lini. Hapo ndipo pa kuzitaja zile pingamizi nne, pamoja na idadi ya maagizo yote ya miaka hiyo. Nyuma yake panga usajili wa biashara, vitambulisho vya wamiliki, ankara ya kiwanda, uthibitisho wa awamu ya kwanza mliyolipa, ratiba ya usafirishaji, namba za ufuatiliaji za mizigo iliyokwishatoka, na masharti yenu ya kurudisha fedha. Jina lililo kwenye akaunti, kwenye usajili na kwenye ankara liwe moja. Nimeona majalada mazuri yakikwama miezi kwa sababu ankara iliandikwa jina la utani la duka.

Kisha omba kitu ambacho wanaweza kukubali. "Nirudishieni fedha zangu zote" ni ombi ambalo mfanyakazi wa ngazi ya chini hana mamlaka nalo. Pendekeza wabaki na sehemu, tuseme asilimia 25, kama dhamana kwa muda wote waliousema, nyingine waziachie kwa mafungu kadiri unavyoleta uthibitisho kwamba mizigo imefika. Mpango wa kushikilia asilimia fulani ya kila muamala na kuiachia baada ya miezi kadhaa ni wa kawaida katika kazi hii; hutakuwa unawafundisha jambo geni. Hauna uhakika wa kukubaliwa. Lakini unaonyesha kwamba unaelewa wanachokiogopa, na nimeona ombi la namna hiyo likifungua mlango ambao kelele hazikuufungua.

Usiku huu, kabla ya yote, ingia kwenye akaunti na upakue kila kitu kinachopakulika: orodha ya miamala, majina na barua pepe za wateja, ankara, taarifa za kila mwezi. Akaunti iliyositishwa mara nyingi bado inakuruhusu kusoma. Iliyofungwa kabisa huenda isikuruhusu.

Tuje kwa wateja, na hapa nisikilize vizuri. Watu wenye hofu huanza kurudisha fedha kwa njia za pembeni, kwa benki au kwa simu, ili kulinda jina. Usifanye hivyo. Mteja uliyemrudishia nje ya mfumo bado anaonekana amelipa ndani ya mfumo. Akipeleka pingamizi benki, kwa kusahau au kwa ujanja, atalipwa mara ya pili, nawe utabaki unatafuta ushahidi. Kurudisha kupitie muamala uleule alioutumia kulipa. Salio lililozuiwa mara nyingi huruhusu jambo hilo, maana kila fedha inayorudi kwa mteja inampunguzia mdhamini hatari. Waandikie wateja wote ujumbe mmoja wa kweli: begi litafika tarehe fulani, anayetaka kusubiri asubiri, asiyetaka ajibu ujumbe huu tumrudishie. Wengi watasubiri. Anayejibiwa haraka na muuzaji hana sababu ya kukimbilia benki. Kila siku ya ukimya inazalisha pingamizi.

Kuna faraja ya uongo niiondoe hapahapa. Wauzaji wengi huamini kwamba mteja akishaweka namba ya siri ya mara moja iliyotumwa kwenye simu yake, hawezi tena kupinga. Uthibitisho ule unakukinga na dai la aina moja tu: "si mimi niliyelipa." Haukukingi na "nililipa, begi sijaliona." Kwako wewe, dai la pili ndilo la kuogopa.

Kiwanda sasa. Wapigie wewe kabla hawajakupigia, waeleze fedha zimekwama na uwaonyeshe barua ya kampuni. Omba wagawe mzigo: washone kwanza idadi ambayo awamu ya kwanza inatosha, hiyo isafirishwe, na uthibitisho wa kufika kwake uupeleke kwa kampuni ya malipo. Ukifanikiwa hapo, kila begi linalofika linafungua fedha za begi linalofuata. Mkopo wa haraka wa riba kubwa ili kuziba pengo la siku 180 sikushauri. Hizo siku zinaweza kupungua, na zinaweza pia kuongezeka pingamizi zikija. Kukopa dhidi ya tarehe usiyoidhibiti ndiko kunakoua biashara ambayo kuzuiwa fedha peke yake kusingeiua.

Uliuliza kama uhame usahau. Kusahau, hapana, fedha zako ziko kule. Kuhama kabisa nako sikukubaliani nako. Kampuni utakayohamia itakuwa mdhamini pia. Ukifika na maagizo mengi siku ya kwanza, bila historia yoyote, kengele ileile italia, pengine mapema zaidi. Unachohitaji ni njia ya pili iliyokwisha kupata moto. Ifungue kwa jina halali la biashara na uwaambie ukweli wakiuliza kuhusu ile ya kwanza. Kisha ipitishie sehemu ya mauzo kila mwezi, hata asilimia 15 au 20, hata kama ada yake ni kubwa kidogo. Akaunti ya akiba iliyolala miaka miwili bila muamala, siku ya dharura ni akaunti mpya tu yenye tarehe ya zamani.

Njia mbili zina gharama zake, nisikufiche. Hesabu za kulinganisha zinakuwa mara mbili, punguzo la ada linalotokana na wingi wa mauzo unalipoteza, na makosa ya kurudisha fedha kwa njia isiyo yake yanaongezeka. Kwa duka la watu wawili naona inafaa mauzo ya mtandaoni yakiwa ndiyo riziki yenu yote. Yakiwa robo tu ya mapato, pengine njia moja na nidhamu ya kuhamisha salio kwenda benki kila siku inatosha. Watu huacha fedha zirundikane kwenye akaunti ya malipo kwa kuwa zinapendeza kuzitazama. Zihamishe. Kinachozuiwa kwa urahisi ni kile kilichobaki kule.

Jambo ambalo wachache huuliza: hizo kampuni mbili, nyuma yake ziko benki gani? Majina tofauti mbele yanaweza kusimama juu ya benki moja au mtambo mmoja, ukitetereka zinazima pamoja. Juni 2020, kampuni ya malipo ya Ujerumani iitwayo Wirecard ilikiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizoonekana vitabuni huenda hazikuwahi kuwepo, na tarehe 25 ikaomba kufilisika. Kesho yake mamlaka ya fedha ya Uingereza ikaisimamisha kampuni yake tanzu ya huko. Kwa siku chache, watumiaji wa programu kadhaa za fedha zilizoitegemea, wengi wao hawajawahi kulisikia jina Wirecard, wakakuta kadi zao hazifanyi kazi.

Kisa cha Synapse huko Marekani kinatisha zaidi, kwa sababu walioumia waliamini wana bima. Synapse ilikaa katikati ya programu za fedha na benki, ikitunza kumbukumbu za nani ana kiasi gani. Aprili 2024 ikaomba ulinzi wa kufilisika, na Mei watu zaidi ya 100,000 wakafungiwa nje ya fedha zao. Msimamizi aliyeteuliwa kortini alikadiria pengo la kati ya dola milioni 65 na 96 baina ya fedha zilizostahili kuwepo na zilizoonekana benki. Bima ya amana ya serikali haikuwafaa, maana hiyo hulipa benki inapokufa, na benki zilikuwa hai. Kilichovunjika ni daftari. Kwa hiyo unapochagua njia ya pili, uliza: fedha zangu zinakaa benki gani kabla hazijanifikia? Zinatengwa na fedha za kampuni? Kwa leseni ipi? Kampuni isiyotaka kujibu maswali hayo matatu kwa maandishi, mimi nisingeiachia mauzo yangu ya wiki.

Kama mna wateja wanaolipa kwa awamu kwa kadi zilizohifadhiwa, ulizeni pia kama kampuni itakubali kuzihamishia namba za kadi hizo kwa kampuni nyingine mkiachana. Wewe huna namba zenyewe, nao wana haki ya kutokupa mkononi, lakini kampuni nyingine yenye viwango vya usalama vinavyotakiwa inaweza kupokea. Wasipokubali, mkiachana itabidi umwombe kila mteja aandike kadi yake upya, na wengi hawatarudi.

Na kwa kuwa video ile imewatangaza, tarajia wageni wasioalikwa. Wezi wa kadi hupenda tovuti iliyochangamka: huendesha programu inayojaribu mamia ya namba za wizi kwa malipo madogomadogo ili kujua zipi ziko hai. Ukiona miamala mingi midogo iliyokataliwa, wajulishe kampuni ya malipo haraka kabla haijahesabiwa kwako. Wengine watakuandikia wakijifanya ndio kampuni yenyewe, "bonyeza hapa kufungua salio lako." Usibonyeze kiungo cha barua yoyote katika kipindi hiki. Andika anwani ya kampuni mwenyewe kwenye kivinjari.

Mpaka hapa ni mambo mnayoweza kuyafanya wenyewe. Muone wakili, ana kwa ana, ukiwa na mkataba mkononi, ikiwa tarehe waliyoisema itapita na fedha hazijatoka bila maelezo, ikiwa wataanza kukata salio kwa kitu wanachokiita fidia au adhabu ambacho hukielewi, au ukinyimwa akaunti kwingine ukaambiwa jina lenu limo kwenye orodha ya waliofungiwa. Mpelekee masharti ya tarehe uliyojiunga na masharti ya leo, kwa sababu hubadilishwa. Mwombe asome kwanza kifungu kinachosema kesi itasikilizwa wapi na kwa sheria ya nchi gani. Kifungu hicho ndicho kitakachoamua kama kesi inalingana na gharama yake, na kwa fedha ndogo wakili mkweli atakuambia hailingani. Hapo malalamiko rasmi kwa mamlaka iliyoipa kampuni leseni yana nguvu kuliko kesi, na hayana gharama kubwa. Lakini mamlaka nyingi zitakuuliza kama umemaliza ngazi za ndani za kampuni, kwa hiyo peleka malalamiko rasmi kule kwanza, kwa neno hilohilo "malalamiko", na utunze tarehe.

Mhasibu naye muone mwezi huu. Mauzo yale yameshaandikwa kuwa mapato wakati fedha hamna, na kodi inaweza kudai mapema kuliko kampuni itakavyoachia. Namna ya kuyaweka vitabuni maagizo yaliyolipiwa lakini hayajapelekwa inatofautiana nchi na nchi. Hilo silijibu kwa barua.

Kitufe cha kulipia: kiondoe leo kwenye mabegi yasiyopo ghalani, weka mahali pake sehemu ya mtu kuacha barua pepe ajulishwe mzigo ukifika. Mabegi mliyonayo mkononi, kama yapo hata kumi, yaacheni yauzwe kwa uhamisho wa benki au kwa njia ya pili mtakayoifungua, mkiyatuma siku hiyohiyo na kutunza kila risiti ya usafirishaji. Risiti hizo zitaingia kwenye lile jalada.